Kitasa Kisicho na Tundu la Ndani

Nilipoishia, mguu wangu mmoja ulikuwa umeshaingia ndani ya kile kiwanda cha zamani cha sabuni, na mwingine ulikuwa bado unatafuta njia ya kurudi nyumbani. Leo naingiza yote miwili, maana sina budi.

Kwa aliyechelewa kutufuata: mimi ni fundi wa vitasa na kufuli. Miaka miwili iliyopita mke wangu alifariki akiwa na mimba ya miezi minane. Presha ilimpanda, akashikwa na kifafa cha mimba, wakaenda wote wawili, mama na mtoto. Mkunga aliyempokea wodini aliniita pembeni, akanionyesha karatasi ya vidonge vya presha vilivyokutwa kwenye begi lake.

"Hivi ni chaki," aliniambia. "Mkeo ameuawa na duka la dawa."

Mkunga huyo ndiye kichwa cha Ufagio. Ufagio ni kundi la watu walioapa kuondoa dawa bandia mjini, na hawasafishi kwa maji na sabuni. Huchoma maghala, huteka watu, huwafungia mpaka waseme. Wana msemo wao: ufagio hauulizi vumbi limetoka wapi. Aliyenipeleka kwao ni shemeji yangu, kaka wa marehemu, kabla hata udongo wa kaburi haujakauka. Humo ndani kila mtu humwita Shemeji, kwa sababu yangu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa lile lile duka alikonunua mke wangu. Nilibadilisha kufuli la stoo, tukamfungia mwenye duka humo siku nne. Alitoka hai. Hakumaliza miezi miwili, akafa. Hayo nilishayaeleza na sitayarudia, maana kila nikiyaandika mkono unagoma.

Msomaji mmoja, kajiita Mama wa Watatu, amemwandikia mhariri: "Huyo Fundi asitulilie. Wanangu wamepona mwaka huu kwa sababu dawa ni nzima. Ufagio uendelee!" Mwingine, mzee mstaafu, anasema mimi nastahili kufungiwa mahali nioze. Mama, mzee, nimewasikia wote wawili. Subirini nimalize, kisha mgawane kichwa changu.

Basi ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Niliitwa kiwandani, maskani ya Ufagio, nikatie mafuta kitasa cha chumba cha mizani, kile chumba walichokuwa wakipimia sabuni enzi hizo.

Kitasa hicho ni kazi ya mikono yangu. Mkunga alitaka kitasa ambacho mtu wa ndani hawezi kukichokoa hata akiwa na sindano na siku nzima ya kupoteza. Nikamfanyia. Tundu la ufunguo upande wa nje tu. Upande wa ndani nikaziba kwa bati la chuma, na bawaba nikazificha nje. Ufunguo mmoja, hauna pacha. Siku ya kukabidhi kazi nilijigamba mbele ya watu: "Hata mimi mwenyewe mkinifungia humo, sitoki."

Walicheka. Mkunga alicheka kuliko wote.

Sasa naweka mafuta, nasikia mtu anakohoa ndani. Kikohozi cha mtu mzima, mwanamke.

"Humu kuna nani?" nikamuuliza Shemeji. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye kifundo cha mkono wake kwa mnyororo mdogo.

"Mzigo."

"Mzigo unakohoa?"

"Shemeji, wewe tia mafuta. Mambo ya ndani waachie wa ndani."

Nikamwambia kitasa hakijaribiwi mlango ukiwa umefungwa, lazima nifungue nione ulimi wa kitasa unavyotoka. Hilo halikuwa kweli, ila mafundi tuna uongo wetu na wateja hawaujui. Akafungua.

Bibi mmoja alikuwa amekaa juu ya gunia, kanga imemfunika mabega, miguu imevimba. Umri wa mama yangu, au zaidi kidogo.

"Shikamoo, Bibi," nikasema. Mdomo ulisema wenyewe. Mtu amefungiwa kwa kitasa chako, nawe unampa shikamoo!

"Marahaba, baba. Wewe ni daktari?"

"Hapana, Bibi. Mimi fundi tu."

"Kichwa kinanigonga tangu jana. Vidonge vyangu vya presha vimebaki nyumbani, juu ya kabati. Walinifuata mbio, wakaniambia mwanangu kagongwa na gari. Sikushika hata kandambili. Mwanangu hajambo?"

Nilimwangalia Shemeji. Shemeji aliangalia dari.

"Tangu lini yuko humu?"

"Jumatano," alisema, akanivuta nje na kufunga mlango.

Yule Bibi hakuwa na kosa lolote. Mwenye kosa alikuwa mwanawe, mtunza ghala wa dawa, mtu mnene mpole anayetoa jasho hata kivulini. Ufagio ulijua kwamba ghalani kwake dawa bandia zilichanganywa na nzima, boksi kwa boksi, na kwamba nyuma yake yupo mkubwa anayezileta. Lakini kwa macho huwezi kuzitofautisha. Boksi ni lile lile, rangi ile ile, hata harufu. Mwenye kujua ipi ni ipi alikuwa yeye peke yake, na huyo mkubwa wake.

Wangeweza kumpiga. Mkunga hakutaka. "Anayepigwa husema lolote," alituambia. "Mwanamke akiwa kwenye uchungu ukimwuliza baba wa mtoto ni nani, atakutajia hata kasisi." Watu wakacheka, naye hakucheka.

Alikuwa na njia yake. Saa tano Mtunza Ghala aliletwa kwenye ile meza ndefu waliyokuwa wakikatia sabuni. Juu ya meza maboksi matatu ya vidonge vya presha, yote yametoka ghalani kwake. Tofauti yake ilikuwa namba ndogo tu iliyogongwa ubavuni.

Shemeji alisimama nyuma yake, mkono begani, utadhani msimamizi wa bwana harusi.

"Kwa nini tusichome yote tu?" Shemeji alimwambia Mkunga. "Tunapoteza muda."

"Ukichoma yote, walio na presha watameza moshi?" Mkunga akamjibu. Kisha akamgeukia Mtunza Ghala, sauti ya upole, ile anayowaambia nayo wazazi wavute pumzi. "Baba, mama yako yuko chumba kile pale. Hajameza kidonge siku ya tatu leo. Sisi hatujui kipi ni dawa na kipi ni chaki. Wewe unajua. Mchagulie mama yako."

Nimeona ukatili wa kila namna, wa fimbo na wa moto, lakini huu ulikuwa umevaa gauni safi na kuchana nywele.

Yule bwana hakufikiri hata kidogo. Maboksi mawili aliyasukuma kwa mgongo wa mkono, jinsi mtu anavyosukuma nzi. La tatu akalishika kwa mikono miwili.

"Hili," alisema. "Haraka, jamani. Mama yangu akikosa siku mbili tu huanguka."

Mkunga akaandika namba za yale mawili kwenye kiganja chake, kwa kalamu, maana ndivyo anavyoandika saa za kuzaliwa watoto. "Hadi jioni hizi namba mbili zisionekane kwenye duka lolote," aliwaambia vijana wake. "Mmeona? Hatukumpiga hata kofi."

Na kweli. Kwa pumzi moja, mamia ya maboksi ya chaki yalijulikana. Watu wangapi walipona Jumamosi ile bila kujua kwamba walikuwa karibu kumeza kifo? Siwezi kusema. Mama wa Watatu, labda wewe mmoja wao.

Nami ningepiga makofi na wenzangu, kama si lile boksi la tatu. Nililiangalia ubavuni nikaona namba: 4417.

Wasomaji wa tangu mwanzo mnakumbuka ninachovaa shingoni. Ni ufunguo mbichi, ambao haujachongwa meno. Wiki aliyozikwa mke wangu nilichukua ile karatasi ya vidonge, nikasoma namba yake, nikaigonga kwenye ufunguo ule kwa nyundo, tarakimu moja baada ya nyingine. 4417. Namba ya chaki iliyomuua. Nilikuwa nikiishika kila nilipotaka kuingiwa na huruma.

"Una hakika na hilo boksi?" nikamuuliza Mtunza Ghala.

"Fundi, ni mama yangu!"

"Namba hii haina bandia yake?"

"Haijawahi. Hii iliingia mwaka juzi, nzima kabisa. Mimi uchafu nimeuanza mwaka jana, nilipokutana na..."

"Jibu ulichoulizwa!" Shemeji alimbana bega mpaka akajikunja.

Lakini mimi nilikuwa nimeshajibiwa. Kama 4417 ilikuwa dawa, mwenye duka tulimfungia siku nne kwa kosa gani?

Nilimfuata Mkunga kwenye karo, ananawa mikono mpaka kwenye viwiko. Begi lake la kazi lilikuwa tayari miguuni.

"Mama," nilisema. Nimemwita hivyo miaka miwili. "4417 ni nzima."

"Najua."

"Unajua tangu leo?"

"Tangu siku ile." Hakugeuka. "Kuna mzazi ameshikwa na uchungu mtaa wa pili, wameshanipigia simu mara mbili. Useme haraka."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Nilitegemea atakana, apandishe sauti, angalau aangushe sabuni.

"Uliniambia chaki."

"Nilikwambia."

"Tukamfungia mtu siku nne!"

"Tukamfungia. Na wenye maduka kumi na saba waliposikia, wakabeba chaki zao wenyewe wakazitupa jalalani, sikumgusa hata mmoja. Mwaka juzi, Fundi, nilifunika shuka kina mama kumi na mmoja kwenye wodi ile. Mwaka huu nimefunika wawili. Hao tisa wako majumbani kwao, wanapika, wanagombana na waume zao. Sasa nitajie, ni yupi kati yao nimfuate nimwambie arudi akafe, maana fundi wa kufuli hapendi uongo?"

Nasema kweli tupu: hata leo ninapoandika haya, kalamu mkononi na muda wote duniani, sina jibu la kumtosha. Ninalojua ni kwamba mwenye duka naye alikuwa na kwao, na huko kwao hakuwa namba.

"Basi mke wangu alikufa na nini?"

Hapo ndipo alipofunga bomba.

"Hilo usiniulize."

"Nakuuliza."

"Fundi, kuna kitasa ukikifungua hakifungiki tena."

"Mama, nakuuliza!"

Akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Alikuja na karatasi ya vidonge kumi. Alikuwa nayo wiki mbili. Vinane vilikuwa mahali pake. Nikamwuliza pale kitandani, mwanangu, mbona humezi? Akaniambia, mama mkwe kasema vidonge vinamlegeza mtoto tumboni, na mume wangu kasema nimsikilize mama."

Mimi nikifumba macho naweza kukuhesabia pini zote zilizo ndani ya kufuli kwa kusikiliza tu. Ile karatasi ya vidonge nilikaa nayo, nikaisoma namba yake, nikaigonga kwenye chuma. Kuhesabu vidonge sikuhesabu.

Na yale maneno niliyakumbuka, tena na mahali nilipokuwa nimekaa. Nilikuwa kwenye kiti cha mlangoni navua viatu. Alinionyesha vidonge akaniuliza nimeze au nisimeze. Nikamcheka: "Mama kalea saba, wewe umelea wangapi? Msikilize mama." Kisha nikaomba chakula. Nilikula nikashiba.

Nilitaka kupiga kelele. Iliyotoka ni sauti ndogo, ya kuaibisha.

"Ningekwambia hivyo siku ile," Mkunga alisema, "leo ungekuwa hai? Nilikuona ulivyokuwa. Nilikupa mtu wa kumchukia. Wewe ulimhitaji." Akachukua begi lake. "Na mimi nilihitaji fundi."

Wasomaji, mimi nimeibiwa vifaa, nimepigwa, nimetapeliwa na mteja aliyenibusu mkono. Sijawahi kunyang'anywa kitu nikanyang'anywa na haki ya kulia. Siku ile nilinyang'anywa.

Nilichobaki nacho ni yule Bibi. Nikaling'ang'ania jambo hilo la kumwokoa kwa sababu lilikuwa karibu na nililiweza.

"Mpe kidonge chake, umpeleke hospitali," nikasema. "Mwanawe ameshachagua. Umepata ulichotaka."

"Nimepata matawi. Sijapata shina." Alimwita Mtunza Ghala. "Baba, anayekuletea chaki ni nani?"

Yule bwana alikuwa bado amekumbatia boksi, jasho linamtiririka. Akaangalia chini. "Mama atoke kwanza. Nikimwona kwenye gari la wagonjwa, nasema."

"Useme kwanza, ndipo gari lije."

"Atoke kwanza, Mama, nakusihi."

"Unaona?" Mkunga aliniambia. "Anampenda mama yake nusu." Kisha akaamua, haraka haraka, kama anavyoamua mambo yote. "Fundi, mpelekee Bibi kidonge. Na wewe baba, nenda naye, ukamwone mama yako alivyo. Labda utaikumbuka nusu ya pili."

Nikachukua kikombe cha maji. Tukaingia, mimi na yule bwana. Nilikuwa nimepiga hatua tatu niliposikia upepo mdogo mgongoni.

Mlango haukutoa hata mlio. Nilikuwa nimeutia mafuta vizuri.

"Shemeji!" nikaupiga kwa ngumi. "Shemeji, nimo humu!"

Ni Mkunga aliyejibu, mdomo karibu na mlango. "Najua umo. Una hasira, Fundi, na mwenye hasira haachwi atembee na siri zangu barabarani. Itumie humo humo. Akitaja jina, gonga mara tatu. Shemeji atanipigia simu, na gari la wagonjwa litafika palepale. Nimeapa. Mimi naenda, mzazi ni wa mimba ya kwanza, hawezi kuachwa peke yake."

Viatu vyake vikaenda, tap tap tap, kumpokea mtoto wa watu.

Chumba kile ni cha hatua nane kwa nane. Darini kuna kulabu ya mizani. Dirisha ni mwanya wa matofali mawili, juu kabisa, unaoonyesha mbingu na hauonyeshi kitu kingine. Sabuni imekwisha miaka mingi lakini kuta zinatoa harufu mpaka macho yanawasha. Nilikijua chumba chote, nilikipima mwenyewe kwa futi. Sikuwahi kukijua mlango ukiwa umefungwa.

Bibi alikuwa amelala sasa. Mwanawe alipiga magoti, akamwinua kichwa. "Mama! Mama, ni mimi. Sijagongwa na gari."

Bibi alitabasamu. Tabasamu lilipanda upande mmoja tu wa uso. Upande wa kushoto ulibaki chini, na mkono wa kushoto ulikuwa juu ya gunia umesahaulika.

Nikampa kidonge. 4417. Akakimeza kwa shida, maji mengine yakamtoka pembeni ya mdomo. Kidonge hicho kingefaa juzi. Hata fundi wa vitasa aliona kwamba sasa anahitaji hospitali, na anaihitaji sasa hivi.

"Taja jina," nikamwambia mwanawe.

Akatikisa kichwa.

"Taja jina, wewe! Umeona uso wake?"

"Siwezi, Fundi."

Nikamshika shati kifuani, nikamgandamiza ukutani. Vifungo viwili vikaruka. "Umeua watu kwa chaki, sasa unamuua mama yako kwa kiburi! Taja!" Nikainua ngumi. Na ngumi ikiwa huko juu nikaona kinachofanyika. Hazijapita dakika kumi tangu nimlaumu Mkunga kwa kutesa watu. Nami hapa, kwa nia njema kabisa, kwa ajili ya bibi wa watu, natesa mtu. Hakuniachia hata amri ya kufanya hivyo. Alinijua tu.

"Msipigane, baba," Bibi alisema. Maneno yalimtoka mazito, yamevimba. "Wewe ndiye fundi? Mlango huu umeuweka wewe?"

Ngumi ikashuka yenyewe. "Ndiyo, Bibi."

Akauangalia. Bati la chuma, limenyooka, halina hata mwanya wa kupitisha ukucha.

"Kazi nzuri," alisema. "Marehemu mume wangu alikuwa seremala. Alikuwa akisema, mlango usiofunguka kwa ndani, huo ni jeneza."

Nikamwachia mwanawe. Nikakaa chini kando ya gunia, nikaushika ule mkono wake wa kushoto. Nikamwomba radhi. Sikumwambia ya nini, maana yalikuwa mengi na yeye alikuwa na nafasi ndogo. Akasema, "Haya, baba," jinsi mtu mzima anavyomwambia mtoto aliyevunja kikombe.

Nadhani huo mkono ndio uliomvunja Mtunza Ghala. Ngumi isingemvunja. Alikuja akainama, mdomo wake ukagusa sikio langu. Alinong'ona kwa pumzi tu.

"Pale mezani ulidhani natetemekea vidonge."

"Ulitetemekea nini?"

"Mkono begani."

Sikuelewa. Au nilielewa nikakataa.

"Anayeniletea chaki tangu mwaka jana ni yeye," alisema. "Ufagio ukichoma ghala la mwingine, wateja wa mwingine wanahamia kwake. Jumatano aliomba yeye mwenyewe kumfuata mama. Akaniambia nikifungua mdomo, mama hatoki."

"Yeye nani?" nikanong'ona. Nilitaka aseme mtu mwingine. Nilitaka aseme hata mimi.

"Mwenye ufunguo."

Kaka wa marehemu. Aliyelia kaburini mpaka nikamshika mimi. Aliyenishika mkono akanipeleka Ufagio, akakaa katikati yao miaka miwili, anafagia vumbi la wenzake na kumwaga la kwake nyuma ya mlango. Na Mkunga, mwenye akili kuliko wote, aliyeona kwamba lengo zuri linasafisha kila mkono, hakuwahi kuuangalia mkono uliokuwa karibu naye.

Sasa pimeni wenyewe. Jina tunalo. Tukilitaja, gari la wagonjwa linakuja. Lakini wa kutajiwa ni yule yule mwenye jina, amekaa nje na ufunguo pekee duniani, na Mkunga yuko mtaa wa pili anahesabu uchungu wa mtu mwingine. Nikigonga mara tatu, namgongea nani?

Kabla sijapata jibu, mlango uligongwa. Kutoka nje. Taratibu, mara tatu.

"Shemeji," sauti iliita, ile ya siku zote, ya kuulizia habari za nyumbani. "Nasikia mmenyamaza. Amekutajia?"

Mtunza Ghala akaniziba mdomo kwa kiganja kilicholowa jasho. Nikakiondoa. Nilijua cha kufanya. Nilikuwa nimefundishwa na bingwa: uongo mmoja, kwa sauti ya upole, kwa ajili ya kuokoa mtu.

"Bado, shemeji," nikasema. "Mbishi sana huyu. Hebu mpigie Mkunga simu, aje mwenyewe."

Niliweza kusikia mnyororo wa ufunguo ukicheza kwenye kifundo cha mkono wake.

Ndipo Bibi alipojiinua kwa kiwiko kimoja. Alikuwa amesikia Mkunga akiapa mlangoni: jina likitajwa, gari linakuja. Na alikuwa amemwona mwanawe akininong'oneza. Kwamba aliyekuwa nje ndiye mwenye jina hilo, hakuambiwa na mtu. Nilinyoosha mkono kumzuia, nikachelewa.

"Ameshataja, baba!" aliita, kwa nguvu zote zilizobaki katika nusu ya mdomo wake. "Mwanangu ameshataja. Tufungulie."

Ufunguo ukaingia kwenye tundu.